Ruta ya safari inagoma nyumbani. Je, itafanya kazi hotelini?

"Habari mtaalamu. Wiki ijayo nasafiri na familia na tutalala hoteli tofauti tofauti. Nimenunua ruta ndogo ya safari ili simu zetu, kompyuta mbili na kijiti cha runinga viunganishwe mara moja tu kila tunapofika. Nimeijaribu nyumbani kwa kuiunganisha na Wi-Fi ya ruta yetu kubwa, zote zikiwa chumba kimoja. Simu inasema 'imeunganishwa, hakuna intaneti'. Mara nyingine intaneti inakuja kwa dakika chache, kisha jina la Wi-Fi ya ruta ndogo linapotea kabisa kwenye orodha na kurudi baadaye. Nikiwasha VPN (njia ya siri ya kupitisha data mtandaoni) niliyoiweka ya kurudi nyumbani, kwa sababu nataka kuangalia kamera zetu tukiwa mbali, kila kitu kinakatika. Nimeiriseti mara kadhaa. Rafiki alinishauri nibadilishe DNS iwe 8.8.8.8, nikafanya. Nimeipa jina na nenosiri lilelile la Wi-Fi ya nyumbani ili watoto wasihangaike. Naiwasha kwa USB ya kompyuta. Je, ni mbovu? Niirudishe dukani, au ninunue yenye antena kubwa zaidi?"

Asante kwa kueleza kwa kirefu. Hofu yako naielewa: siku zimebaki chache, na hutaki kugundua usiku wa kwanza hotelini, watoto wamekuzunguka, kwamba umebeba mzigo usio na kazi. Kwa uliyoyasema, naamini ruta hiyo ni nzima, ila unaijaribia mahali pabaya. Nyumbani kwako kuna mambo kadhaa yanayoigomesha ambayo huenda usiyakute hotelini, na kikwazo kikubwa cha hotelini hakipo nyumbani kabisa. Ukiendelea kuihangaisha hapo hapo mpaka siku ya kuondoka, utarekebisha yasiyo na haja na kuliacha lenye haja.

La antena liweke kando. Antena husaidia mawimbi yakiwa dhaifu, na wewe uko chumba kimoja na ruta kubwa. Tena ukiziweka zikigusana, mawimbi makali kupita kiasi nayo huvuruga upokeaji, kwa hiyo ziache mita mbili au tatu kati yake. Kuriseti nako kuna mpaka wake. Kila unaporiseti unairudishia mipangilio ileile ya kiwandani, na kama kosa limo ndani ya mipangilio hiyo, litarudi vilevile kila mara.

Anza na umeme, maana ndio rahisi kuliko yote na wengi huuruka. Tundu la kawaida la USB 2.0 limepangiwa kutoa ampea 0.5, na la USB 3.0 ampea 0.9. Geuza ruta yako usome maandishi madogo chini yake: nyingi zinadai volti 5 na ampea 2, nyingine 3. Ikiwa imekaa tu inakula kidogo, ndiyo maana taa inawaka na unaamini umeme unatosha. Redio zake, yaani sehemu zinazorusha na kupokea Wi-Fi, zikianza kurusha kwa nguvu, matumizi yanapanda ghafla, volti inashuka, na ruta inazimika na kuwaka upya. Kwa aliyeshika simu, tukio hilo linaonekana kama jina la Wi-Fi kupotea na kurudi. Ichomeke kwenye chaja yake na kwa waya wake, kwa sababu waya mrefu na mwembamba nao hupoteza volti njiani. Hotelini usivutwe na tundu la USB nyuma ya runinga: mara nyingi nalo ni dhaifu hivyo hivyo, na huenda likazimika pamoja na runinga.

Utajuaje kama kosa ni umeme kweli? Ukurasa wa mipangilio wa ruta una mstari unaoonyesha muda uliopita tangu iwashwe. Jina la Wi-Fi likipotea na kurudi, fungua ukurasa huo haraka. Ukikuta muda umeanza upya, ruta ilizimika, na dawa ni chaja. Ukikuta unaendelea kuhesabu bila kukatika, ruta haikuzimika, ila redio yake ilihama. Hilo nitalirudia baada ya kumaliza jambo zito zaidi.

Jambo lenyewe ni hilo la "imeunganishwa, hakuna intaneti". Ruta yoyote ina pande mbili. Kwa nje inapokea anwani, yaani namba ya kuitambulisha, kutoka mtandao ulio juu yake, uwe wa ruta yako kubwa au wa hoteli. Kwa ndani inagawa anwani kwa simu na kompyuta zako. Kila pakiti ya data inapopita, ruta inatazama anwani na kuamua kama ni ya ndani au ya nje. Shida ni kwamba anwani hizi za faragha dunia nzima inazichota kwenye mafungu matatu tu, yaliyotengwa katika waraka wa RFC 1918 wa mwaka 1996: zinazoanza na 10, zinazoanzia 172.16 hadi 172.31, na zinazoanza na 192.168. Watengenezaji nao hupenda kurudia namba chache humo, hasa 192.168.0.1 na 192.168.1.1.

Sasa chukulia ruta kubwa ni 192.168.1.1 na ndogo nayo imetoka kiwandani ikiwa 192.168.1.1. Kwa nje ruta ndogo inapewa, tuseme, 192.168.1.57. Ikitaka kutuma kitu intaneti, inatakiwa ikipeleke kwenye lango lililoko 192.168.1.1, lakini 192.168.1.1 ni yenyewe. Data inafika hapo na kuishia hapo. Simu yako inaona mawimbi kamili, nenosiri limekubalika, anwani imepewa, ila hakuna kinachotoka nje. Ruta nyingine hugundua mgongano huu na kujibadilisha zenyewe au kukuonya. Nyingine hukaa kimya, na tabia zake huwa hazitabiriki: mara inapita, mara haipiti. Hiyo inafanana sana na unachokiona.

Dawa yake ni ya mara moja na itakufaa safari zote. Ingia kwenye mipangilio ya upande wa ndani, ule unaoandikwa LAN, ubadilishe anwani ya ruta ndogo iwe isiyo ya kawaida, mfano 192.168.173.1. Namba hiyo ya tatu chagua yoyote upendayo hadi 254, ila epuka 0, 1, 8, 50 na 100, kwa sababu zimezoeleka mno viwandani. Usikimbilie zinazoanza na 10: mtandao mkubwa kama wa hoteli unaweza kulitumia fungu hilo zima kwa mpigo, ukajikuta umeingia kwenye mgongano uleule. Ukishahifadhi, ukurasa utaganda. Usishtuke, ruta imehama anwani na kivinjari chako bado kinaipigia ya zamani. Zima Wi-Fi ya simu, iwashe, kisha fungua anwani mpya.

Ikiwa bado hakuna intaneti baada ya hapo, tazama anwani ambayo ruta ndogo imepewa kwa nje. Ikiwa hakuna kitu au ni 0.0.0.0, haijaungana na ruta kubwa hata kidogo: nenosiri limekosewa, au ruta kubwa imewekewa usalama mpya wa Wi-Fi, WPA3, pekee na ndogo inajua wa zamani, WPA2, tu. Ruta kubwa nyingi zina chaguo la kuruhusu zote mbili kwa pamoja. Mahali penye chaguo hilo, litumie. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, maana yake kifaa kiliomba anwani, hakikujibiwa, kikajipa chenyewe. Na ikiwa anwani ya nje ni nzuri, tumia sehemu ya uchunguzi ya ruta kupima njia kwenda 1.1.1.1, anwani ya seva ya umma kwenye intaneti. Ikijibu kwa namba lakini tovuti hazifunguki kwa jina, hapo ndipo penye tatizo la DNS.

Rafiki yako hakukudanganya, ila alikupa dawa kabla ya kupima. DNS ni huduma ya kugeuza majina ya tovuti kuwa namba. Kama njia ya kutoka imefungwa, kubadilisha anayegeuza majina hakufungui njia. Irudishe DNS kwenye hali ya kupokea ile inayotolewa na mtandao wa juu. Sababu utaiona tukifika hotelini, kwa kuwa 8.8.8.8, yaani DNS ya Google, ndani ya ruta ya safari inaweza kukunyima intaneti ambayo ungeipata.

Turudi kwenye jina linalopotea. Ruta ndogo inapopokea Wi-Fi ya mtu na kurusha Wi-Fi yake, inaweza kuwa inafanya kazi zote mbili kwa redio moja. Redio moja hukaa chaneli moja tu kwa wakati mmoja. Ni kama mkalimani aliye peke yake kati ya watu wawili: akisikiliza huyu hawezi kumsemesha yule, ndiyo maana kasi hushuka karibu nusu, na hilo si ubovu. Kwa kuwa kusikiliza na kurusha kunafanyika chaneli ileile, ruta kubwa ikihama chaneli, ndogo lazima imfuate, na simu yako inaachwa hewani. Ikipoteza mawasiliano kabisa, redio inaanza kuzunguka chaneli zote ikiitafuta ruta kubwa, na wakati huo Wi-Fi yake inaweza kutoweka kwenye orodha. Ndipo unaposema imekufa, kumbe iko kazini inatafuta.

Kwa nini ruta kubwa ihame? Nyingi zimeachwa zijichagulie chaneli zenyewe. Zaidi ya hapo, kwenye masafa ya 5 GHz kuna chaneli zinazotumika pamoja na rada, kuanzia 52 hadi 144. Sheria za mawasiliano zinaitaka ruta inayoingia humo isikilize kwanza, kwa kawaida sekunde 60, kabla ya kurusha chochote, na ikisikia rada iondoke. Kuna chaneli za rada za hali ya hewa ambako Ulaya inadai dakika kumi za kusikiliza. Kwa hiyo ruta yako ndogo inaweza kuwa imekaa kimya kwa kutii sheria, na wewe unaiona ni mbovu.

Ikiwa ruta yako ina redio mbili, tenganisha kazi: ipokee kwa masafa moja na irushe kwa mengine. Hotelini mimi hupendelea kupokea kwa 5 GHz pale mawimbi yanapofika vizuri, maana 2.4 GHz imejaa vifaa vya vyumba vyote na kwa kawaida ina chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11. Chumbani mwenu mnaweza kurusha kwa 2.4, umbali ni hatua chache. Chumba kikiwa mbali na kirushio cha hoteli, geuza: pokea kwa 2.4, ambayo hupenya kuta vizuri zaidi. Unapojaribu nyumbani, iweke ruta kubwa kwenye chaneli moja ya kudumu, 36 kwa mfano, uone kama kupotea kunakoma. Kukikoma, umepata jibu na huna haja ya kutafuta zaidi. Na ukipenda kuchomeka diski ya USB 3.0 kwenye ruta, ujue nyaya za aina hiyo hutoa kelele inayovuruga 2.4 GHz. Nimeona watu wakilaumu ruta kumbe ni diski.

Kuna pia mpangilio wa nchi, unaosahaulika sana. Chaneli 12 na 13 za 2.4 GHz zinatumika sehemu nyingi za dunia, lakini ruta iliyopangwa kwa ajili ya Marekani kwa kawaida haizigusi. Ukifika mahali ambapo simu inauona mtandao na ruta haiuoni, hapo ndipo pa kuangalia. Weka nchi uliyomo, kwa sababu za kisheria pia.

Kuhusu jina moja kwa ruta zote mbili: wazo ni zuri safarini, kwa kuwa vifaa vya watoto vitajiunga vyenyewe. Nyumbani ni mtego. Simu ikiona majina mawili yanayofanana huchagua lenye nguvu na kurukaruka baina yake, nawe hujui uliyekuwa unampima ni nani. Huenda zile dakika chache za intaneti nzuri zilitoka kwenye ruta kubwa. Kwa wiki hii ipe ruta ndogo jina jingine kabisa, kisha usiku wa kuondoka urudishe la nyumbani.

VPN yako inastahili aya zake, kwa sababu unaijaribu kwa namna ambayo haiwezi kutoa jibu la kweli. Umekaa ndani ya nyumba unajaribu kurudi nyumbani. Ruta ndogo inaita anwani ya nje ya nyumba yako. Ruta kubwa inapokea ombi kutoka ndani likitaka kutoka nje na kugeuka kuingia tena ndani, na ruta nyingi haziruhusu mzunguko huo. Kushindwa kwake hapo hakukuambii chochote kuhusu hotelini. Jaribu ukiwa nje ya mtandao wa nyumbani, na nje hiyo unayo mfukoni: hotspoti ya simu yenye data. Zima Wi-Fi kwenye simu hiyo, washa hotspoti, iunganishe ruta ndogo nayo, kisha tumia kompyuta kupitia ruta. Kama ni iPhone, washa swichi inayoiruhusu hotspoti kutumia 2.4 GHz na uache ukurasa wa hotspoti wazi mpaka ruta iungane. Ingawa ni jaribio dogo, linafanana na safari kuliko yote uliyokwisha kufanya. Nalo ukilifanya kabla hujagusa kingine, litakuonyesha kama shida yote ilikuwa nyumbani.

VPN ikikataa hata kwa hotspoti, tazama saa ya ruta. Nyingi hazina betri ya kutunza saa, kwa hiyo zikizimwa huamka zikidhani ni tarehe ya zamani mpaka ziulize saa mtandaoni. WireGuard, aina ya VPN ambayo ruta nyingi za safari huitumia, huweka wakati ndani ya ombi la kuunganishwa. Seva hukumbuka wakati wa ombi la mwisho ililolikubali na hulitupa lenye wakati wa nyuma yake, tena kimyakimya. Mtu anabadilisha funguo usiku kucha, kumbe ni saa. Zima VPN, acha ruta ipate intaneti na kurekebisha saa, hakikisha tarehe ni ya leo, ndipo uiwashe.

Pili, angalia anwani ya nje ya ruta kubwa. Ikiwa inaanzia 100.64 hadi 100.127, mtoa huduma wako amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na hakuna mlango wa kukufikia kutoka nje. Hapo huwezi kuirekebisha kwa mipangilio ya ruta ndogo. Ama umwombe mtoa huduma anwani ya umma, ama utumie huduma inayopitia seva ya kati. Tatu, ikiwa tovuti nyingine zinafunguka na nyingine zinaning'inia nusu, punguza ukubwa wa pakiti, yaani MTU, wa VPN hadi 1280 na ujaribu tena.

Kuna mgongano mmoja ambao sitakuficha. Kama kamera zako ziko kwenye 192.168.1.x na hoteli nayo inatumia 192.168.1.x, ruta ndogo haitajua kamera ziko upande gani, hata VPN ikiwa imeungana vizuri. Suluhisho kamili ni kuhamisha mtandao mzima wa nyumbani kwenye namba isiyo ya kawaida. Lakini kufanya hivyo siku chache kabla ya safari, kamera zikiwa na anwani za kudumu, ni kujitafutia balaa. Kwa safari hii ningekushauri utegemee programu ya simu ya kamera kama ipo, na VPN iwe ya akiba. Ya nyumbani utayahamisha ukirudi.

Sasa hotelini kwenyewe, kwenye kikwazo ambacho nyumbani hukikuti: ule ukurasa wa kuingilia, unaokuomba namba ya chumba na jina, au kukubali masharti. Unavyofanya kazi ni hivi. Kifaa kipya kikiingia, lango la hoteli linazuia kila kitu. Likiona kivinjari kinaomba tovuti isiyo na usimbaji (kufichwa kwa data njiani), linaliteka ombi hilo na kukupeleka kwenye ukurasa wao. Ukishajaza, linaandika anwani ya MAC (namba ya kukitambulisha kifaa kwenye mtandao) ya kifaa chako kwenye orodha ya walioruhusiwa. Kwao, ruta yako ni kifaa kimoja, na wote walio nyuma yake wanapita kwa kibali hicho kimoja. Hapo ndipo ruta ya safari inapolipa gharama yake, hasa kwa kijiti cha runinga, ambacho mara nyingi hakiuwezi ukurasa kama huo, na pale hoteli inapoweka kikomo cha vifaa kwa kila chumba.

Ukurasa huo hauonekani kwa sababu tatu kuu, na zote hutoka kwako. VPN iliyopangwa kuzuia data yoyote isiyopita ndani yake inauzuia ukurasa pia. DNS ya kudumu kama 8.8.8.8, au DNS iliyosimbwa, inalikwepa lango linalotaka kukujibu kwa DNS yake. Na kinga ya ruta inayokataa majina ya tovuti yanayoelekea kwenye anwani za faragha, huukataa ukurasa wa hoteli ambao mara nyingi unakaa kwenye anwani kama hiyo. Kwa hiyo ukifika: zima VPN na kizuizi chake, acha DNS ya hoteli, legeza kinga hiyo, unganisha ruta, kisha fungua neverssl.com kwenye simu iliyoko nyuma ya ruta. Tovuti hiyo imetengenezwa makusudi isiwe na usimbaji, ili lango lipate cha kuteka. Ukurasa ukifunguka, jaza, hakikisha intaneti ipo, ndipo uwashe VPN na kinga zako.

Ukigoma kabisa, ingia kwa simu moja kwa moja kwenye Wi-Fi ya hoteli, jaza ukurasa, halafu iambie ruta itumie anwani ya MAC ya simu hiyo, na uitoe simu kwenye mtandao wa hoteli, maana vifaa viwili vyenye MAC moja hugombana. Angalizo: tangu Android 10 na iOS 14, simu hujitungia MAC tofauti kwa kila mtandao. Nakili ile inayoonyeshwa ndani ya maelezo ya mtandao wa hoteli, usichukue iliyo kwenye ukurasa wa "Kuhusu simu". Na kama kila siku saa ileile intaneti inakatika, kibali cha hoteli kimeisha muda. Jaza ukurasa upya, usiguse mipangilio.

Hili unaweza kulifanyia mazoezi kabla hujaondoka: nenda mahali popote penye Wi-Fi ya umma yenye ukurasa wa kukubali masharti, ukiwa na ruta, chaja na simu. Likienda vizuri huko, hotelini utajua pa kuanzia.

Umeuliza kama uirudishe. Kwa vifaa vingi hivyo, inafaa kuwa nayo. Mtu mwenye simu na kompyuta moja angeweza kubaki na hotspoti yake tu. Ila usiinunulie usalama usiokuwepo: ruta yenyewe haifichi data yako kwenye Wi-Fi ya wazi ya hoteli. Kinachokulinda ni usimbaji wa tovuti zenyewe, na VPN kama ipo. Chumba kikiwa na tundu la waya wa mtandao ukutani, lijaribu kwanza, maana linakuondolea habari zote za chaneli. Baadhi ya meli za utalii hukataza ruta kabisa, na ziko nchi zinazobana VPN, kwa hiyo soma masharti mapema. Kama ruta au pawabanki yako ina betri, ikae kwenye mzigo wa mkononi ndani ya ndege, na pawabanki isizidi Wh 100 (wati-saa, kipimo cha ujazo wa betri).

Sasisha programu ya ndani ya ruta leo au kesho, kwa waya, kisha pakua nakala ya mipangilio kwenye simu. Siku mbili za mwisho usisasishe chochote.

Kuna mahali pa kuacha kujihangaisha. Ikipata joto lisiloshikika au kutoa harufu ya kuungua, ichomoe na usiiwashe tena. Taa zikibaki zinawaka ovyo baada ya kusasisha, mpelekee fundi wa mitandao, kwa kuwa nyingi huweza kurejeshwa kwa waya. VPN ya kazini mwulize anayesimamia mtandao wa kazini kabla ya kuibadilisha. Hotelini, mapokezi wanaweza kukuunganisha na mtu wa mtandao akaiandikisha MAC ya ruta moja kwa moja. Piga simu hiyo mapema, kabla ya saa moja ya kubahatisha.

Na kama umetumia chaja yake, anwani mpya, hotspoti ya simu, VPN imezimwa, na bado haitoi intaneti, au kwa waya kutoka ruta kubwa taa ya tundu lake haiwaki kabisa hata kwa waya mwingine, basi ni mbovu kweli. Irudishe wiki hii ukiwa na risiti. Kabla ya kuikabidhi iriseti mara ya mwisho, kwa kuwa ndani yake mna nenosiri la Wi-Fi ya nyumbani, na ule ufunguo wa VPN ulioipa uufute kwenye ruta kubwa.